Tabibu Ar-Razi na Mafua ya Waridi

Kila mwaka katika kurasa hizi huwa tunaeleza maisha ya mmoja wa watu wa zamani walioacha elimu nyuma yao. Safari hii tumemchagua tabibu Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Ar-Razi. Tuna sababu ya kumchagua yeye, na sababu hiyo ni deni letu kwa wazazi.

Wanaohudhuria Maulidi yetu wanajua kuwa mrashi ukianza kuzungushwa, marashi ya waridi yakinyunyizwa mikononi na nguoni, hapo hapo kwenye safu ya watoto utasikia chafya. Wengine hucheka. Kwa baadhi ya watoto hawa si jambo la kuchekesha, maana chafya zao haziishi siku ya Maulidi. Hapa Magogoni hatuna msimu wa maua kama nchi za baridi, lakini yetu yanatutosha: unyevu wa bahari, mazulia na mikeka iliyokaa miaka, mito ya sufi, mende wa jikoni, vumbi la magunia ya viungo huko Kariakoo ambako wengi wenu mnaishi, na moshi wa udi na ubani tunaoufukiza majumbani kila jioni.

Tunaye binti mmoja wa miaka 11 anayevuka kwa pantoni kutoka Kigamboni. Mwaka juzi alikuwa akifika darasani macho mekundu, pua inatiririka, anasoma Juzuu Amma huku amekamata kitambaa. Kwenye kikao cha wazazi sisi walimu tulisimama tukasifu maziwa ya mtindi, tukasema yana bakteria wazuri na kwamba yanaondoa kabisa mafua ya namna hii. Tulikuwa tumesikia habari hizo tukazibeba kama zilivyo. Mama yake alitusikia na akatuamini, kwa kuwa sisi ni walimu. Akampa mtindi kila asubuhi. Kisha muuzaji mmoja akamuuzia vidonge vya bakteria hao hao na kumhakikishia kuwa dawa nyingine hazina haja tena. Mama akaiweka kando dawa ya kupuliza puani, na pamoja nayo ile ya pumu ya kuvuta. Wiki ya tatu binti alibanwa na kifua usiku, ikabidi akimbizwe hospitali. Alhamdulillahi alipona. Mama hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo lilituuma zaidi.

Ar-Razi angekuwa kwenye kikao kile angetuuliza jambo moja tu, nalo ni kwamba tumejuaje. Maisha yake yote aliyapitisha katika kuuliza hivyo.

Kuzaliwa na kukua kwake

Alizaliwa mwezi wa Shaaban mwaka 251 Hijria, sawa na mwaka 865, katika mji wa Rayy, na jina la Ar-Razi maana yake ni mtu wa Rayy. Ulikuwa mji mkubwa wa biashara, na magofu yake leo yamo pembezoni mwa Tehran, nchini Iran. Wazungu walipoanza kusoma vitabu vyake walimwita Rhazes.

Ujanani hakuwa na habari na utabibu. Inaelezwa kuwa alipiga udi na kuimba, kisha akavutiwa na ufundi wa kuyeyusha na kuchanganya madini, ule waliouita al-kimiya. Waandishi wengi wa habari zake wanasema alianza kusoma tiba akiwa amepita miaka 30. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwani wapo wanafunzi wetu wa miaka 14 wanaodai kuwa wamechelewa kuanza Ajurumiyya.

Alipoanza, hakurudi nyuma. Alikuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha akaongoza hospitali Baghdad, makao ya Makhalifa wa Bani Abbas. Na hapa tunalazimika kurekebisha kisa ambacho tumekuwa tukiwasimulia darasani. Kisa kinasema kuwa Ar-Razi alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali ya Baghdad alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za mji, akachagua pale ambapo nyama ilichelewa kuoza. Ni kisa kizuri mno, lakini hospitali inayohusishwa nacho, ya Adud ad-Dawla, ilifunguliwa mwaka 372 Hijria, takriban miaka 60 baada ya kufa kwake. Ibn Abi Usaybia, mwanahistoria wa matabibu aliyekinukuu kisa hicho, mwenyewe alikwisha ona kuwa tarehe hazikubaliani. Sisi hatukusoma hadi mwisho wa ukurasa.

Mwalimu na wagonjwa wake

Yanayoelezwa na Ibn an-Nadim katika Al-Fihrist yana nguvu zaidi, kwani aliyaandika katika karne ile ile aliyokufa Ar-Razi. Anasema alikuwa mzee mwenye kichwa kikubwa, akikaa katikati ya baraza huku wanafunzi wake wamemzunguka duara baada ya duara. Mgonjwa akija, alielezea shida yake kwa wanafunzi wa duara la nje. Wakijua dawa yake, basi. Wasipojua, hupelekwa kwa walio mbele yao, na wale nao wakishindwa ndipo Ar-Razi huzungumza. Nasi katika madrasa zetu mwanafunzi mkubwa humsomesha mdogo, na suala gumu ndilo humfikia mwalimu, kwa hiyo picha hii mnaijua.

Alikuwa mkarimu na mwenye huruma kwa maskini. Aliwatibu, akawauguza, na wengine aliwapa posho ya kuishi. Asipokuwa na wagonjwa alikuwa na kalamu. Watu waliomtembelea walimkuta akiandika au akinakili. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa katika mwaka mmoja aliandika zaidi ya kurasa 20,000 kwa mwandiko mdogo kama wa hirizi, na kwamba kitabu chake kikubwa alikishughulikia miaka 15, usiku na mchana, mpaka macho yakadhoofika na misuli ya mkono ikaharibika. Hata hapo aliwaomba watu wamsomee na wamwandikie.

Sasa tufike kwenye njia yake. Alipotaka kujua kama zebaki ina madhara, alimpa nyani aliyekuwa naye nyumbani akaangalia hali yake. Na liko jambo kubwa kuliko hilo. Palikuwa na maradhi waliyoyaita sirsamu, ambayo dalili zake ni kichwa kuuma, shingo kukaza na kuuchukia mwanga. Matabibu wa wakati ule walikuwa wakiwapiga chuku wagonjwa kuwatoa damu. Ar-Razi aliandika kuwa alilitoa damu kundi moja, na kundi jingine akaliacha kwa makusudi bila kulitoa, ili apate kuamua kutokana na matokeo. Jibu alilolipata, kwamba kutoa damu kunafaa, halikubaliwi na matabibu wa leo. Lakini kuweka makundi mawili bega kwa bega, hili linapewa na lile halipewi, ndiko kunakofanywa hadi leo katika kupima dawa, na Ar-Razi anatajwa miongoni mwa waliotangulia mbele kabisa katika jambo hilo.

Hata walimu wake hawakusalimika na maswali. Galeni, tabibu wa Kiyunani ambaye vitabu vyake viliheshimiwa kuliko vyote, Ar-Razi alimhesabu kuwa bwana na mwalimu wake. Hata hivyo alimwandikia kitabu kizima cha kueleza shaka zake, mahali ambapo maneno ya Galeni hayakuafikiana na aliyoyaona kwa wagonjwa. Risala yake ya ndui na surua ilitenganisha maradhi hayo mawili kwa uwazi, ikafasiriwa kwa lugha nyingi na kusomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Ndui yenyewe sasa haipo: mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977, pwani hii hii yetu ya Afrika Mashariki.

Hatuwezi kupita bila kusema kuwa katika mambo ya itikadi wanazuoni wengi wamemkosoa vikali, kwani amenasibishwa na maneno juu ya utume ambayo Muislamu hayakubali. Wengine wanasema maneno hayo yamepokewa kutoka kwa wapinzani wake. Wanafunzi wa madaraja ya juu watayasoma mahali pake. Sisi hapa tunasoma utabibu wake tu.

Rafiki aliyeogopa waridi

Katika zama zake aliishi mwanachuoni wa Balkh, Abu Zayd Ahmad bin Sahl, mjuzi wa jiografia, mwandishi wa kitabu mashuhuri juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Abu Zayd alikuwa na tatizo. Kila majira ya machipuo, waridi zikichanua na yeye akizinusa, alishikwa na mafua. Ar-Razi akaandika risala maalumu kueleza sababu ya mafua ya mtu huyu mmoja. Wanahistoria wa tiba wanaihesabu risala hiyo kuwa katika maandishi ya kale kabisa juu ya kile tunachokiita leo mzio wa pua, au aleji. Huko Uingereza, tabibu John Bostock alieleza maradhi kama hayo, yaliyomsumbua yeye mwenyewe, mwaka 1819. Neno lenyewe aleji lilibuniwa na Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1906.

Maelezo ya Ar-Razi kuhusu sababu yalijengwa juu ya elimu ya zama zake, ya joto na baridi, ukavu na unyevunyevu, na elimu hiyo imeshapitwa. Alichokiona kwa macho ndicho kilichobaki: mtu yule yule, majira yale yale, kitu kile kile, na watu wengine wananusa waridi hizo hizo bila kupatwa na lolote.

Leo tunafahamu kuwa shida iko kwenye askari wa mwili. Kinga ya mwili hukosea ikakiona kitu kisicho na madhara, kama chavua ya maua au kinyesi cha wadudu wadogo mno wanaoishi kwenye vumbi la magodoro na mazulia, kuwa ni adui. Hutengeneza silaha maalumu dhidi yake, ambazo hujipachika kwenye seli za ndani ya pua. Siku kitu hicho kikirudi, seli hizo humwaga kemikali inayoitwa histamini. Ndipo pua huwasha, maji hutoka, chafya zikafuatana kumi kumi. Wadudu hao wa vumbi hupenda unyevunyevu, na Dar es Salaam hawaukosi. Ama moshi wa ubani na harufu kali ya marashi, hivyo mara nyingi si mzio wenyewe bali huikera pua iliyokwisha umia.

Maziwa ya mtindi

Ar-Razi aliandika pia kitabu juu ya manufaa ya vyakula na namna ya kuepa madhara yake, na maziwa ni miongoni mwa aliyoyazungumzia. Lakini bakteria hakuwajua, kwani hapakuwa na hadubini. Robert Koch, mmoja wa walioanzisha elimu ya bakteria wa maradhi, alifanya utafiti hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, mwendo mfupi tu kutoka ilipo madrasa yetu. Miaka kumi baadaye Élie Metchnikoff, mwanasayansi kutoka Urusi aliyefanya kazi Paris, alidai kuwa wapo bakteria wenye faida, na akawasifu wale wanaogandisha maziwa. Bakteria hai wanaomnufaisha mtu akiwapata kwa kiasi cha kutosha siku hizi huitwa probiotiki. Afrika Mashariki imeshafanya kazi nao: mwaka 2004 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mwanza, kwa kushirikiana na chuo kikuu kimoja cha Kanada, walianza kutengeneza mtindi wenye aina maalumu ya bakteria hao.

Wanahusianaje na pua? Sehemu kubwa ya askari wa kinga wamekaa kwenye utumbo, na bakteria wa utumboni huwazoesha askari hao kumtambua adui na asiye adui. Wataalamu wakafikiri kuwa huenda bakteria wazuri wakiongezwa, askari watatulia na pua nayo ipumzike. Ni fikra yenye maana. Ila fikra yenye maana haitoshi, na kutoa damu nako kulikuwa na maana kwa watu wa zama zake. Kwa hiyo wakafanya kama Ar-Razi alivyofanya, kundi hili lipewe bakteria, lile lipewe kitu kinachofanana nacho kisicho na bakteria, na mgonjwa asijue amepewa kipi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 23 za namna hiyo, zenye wagonjwa 1,919. Katika 17 palionekana nafuu fulani, katika 6 haikuonekana. Nafuu ilidhihiri zaidi katika namna wagonjwa walivyoishi na maradhi yao, kama vile kulala na kufanya kazi, wala haikuwa kubwa kiasi cha mtu kutupa dawa zake. Tena aina za bakteria zilitofautiana, vipimo vikatofautiana, na watafiti wenyewe wakasema kazi zaidi inahitajika.

Basi tulichokisema kwenye kikao kilikuwa nusu ya habari. Probiotiki huenda zikasaidia, zikiwa pembeni ya dawa. Hazichukui mahali pa dawa ya kupuliza puani, wala vidonge kama setirizini, na kwa mwenye pumu kuacha dawa ya kuvuta bila daktari ni kuhatarisha roho. Aidha, si kila mtindi una bakteria waliofanyiwa utafiti, na mtindi ukishachemshwa bakteria wake hufa. Kwenye pakiti za vidonge tafuteni jina kamili la bakteria, idadi yao na tarehe ya mwisho. Pakiti nyingi tulizozishika tulipokwenda kuuliza madukani zilikuwa na picha nzuri ya tumbo na maneno machache sana. Mtoto asiyepatana na maziwa asilazimishwe. Mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofika, na mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya siku zake, wasipewe bakteria hawa bila ya ruhusa ya daktari, kwani kwao wanaweza kugeuka maradhi.

Mwisho wa maisha yake

Uzeeni Ar-Razi alipofuka. Sababu zimetajwa nyingi, na Ibn an-Nadim anataja hata kula sana kunde za baqilla. Inasimuliwa kuwa alikuja mtu wa kumpasua macho ili aone tena, naye Ar-Razi akamuuliza kwanza jicho lina tabaka ngapi. Yule mtu hakuwa na jibu. Ar-Razi akakataa kuguswa na asiyelijua hilo. Alifariki Rayy tarehe 5 Shaaban mwaka 313 Hijria, sawa na mwaka 925, kwa hesabu ya Al-Biruni, ambaye aliviorodhesha vitabu vyake vikapata 184. Kile kikubwa, Al-Hawi, hakuwahi kukimaliza. Wanafunzi wake waliziunganisha karatasi zake baada ya kifo chake kwa hima ya waziri Ibn al-Amid. Mwaka 1279 Faraj bin Salim wa Sisilia alimaliza kukifasiri kwa Kilatini, na mwaka 1486 kikapigwa chapa mjini Brescia, Italia. Abu Zayd, yule wa waridi, aliishi miaka tisa baada yake.

Binti yetu wa Kigamboni amerudi kwenye dawa zake zote mbili, na mtindi anaupenda, bado anakunywa. Tumeondoa zulia la zamani katika darasa lake tukaweka mikeka ya plastiki inayofutwa kwa maji, na ubani siku hizi tunaufukiza uani. Kwenye Maulidi ya mwaka huu alikaa karibu na dirisha. Mrashi ulipofika kwenye safu yake, aliuashiria kwa mkono upite, ukaenda kwa mwenzake.